Usifyeke Kila Kona: Mwongozo wa Kufurahia Viumbe vya Shambani Rwekubo

Kwa macho ya jirani wa Rwekubo, huku wilayani Isingiro, shamba zuri ni shamba lililofagiliwa: migomba imesimama kwa mistari, majani makavu yametandazwa chini, hakuna jani lisilo na kazi. Anayeacha magugu huonwa mvivu, au mgonjwa, au mgeni asiyejua jembe. Kwa hiyo ombi langu la kwanza litakupunguzia sifa kidogo kijijini: chagua kona moja ya shamba lako, uiache bila kufyeka. Hatua tano kwa tano zinatosha. Mengi ninayokueleza hapa chini yanaanzia kwenye hiyo kona.

Najua wengi wakisikia habari za kufurahia wanyama na mimea hufikiria Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, gari la kukodi na tiketi ya getini. Mburo ni pazuri, sibishi. Lakini pundamilia utamwona siku ukijaliwa nauli, ilhali kereng'ende yuko juu ya beseni lako la maji karibu kila siku ya jua saa nne asubuhi. Tena hii si kazi ya watoto wala ya wazungu. Mfugaji wa Kinyankole anayekutajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na mkunjo wa pembe anafanya jambo hilohilo. Wewe unalihamishia kwa wadudu na ndege.

Kona yenyewe

Kwanza jiulize ardhi ni ya nani. Upande wa Rwekubo wapo wanaolima mashamba ya kukodi kwa msimu, na mwenye shamba akikuta kichaka atadhani umemharibia mali. Mweleze mapema, ikiwezekana mbele ya mtu wa tatu. Ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale unapewa kiwanja cha kutumia tu, si cha kumiliki, na viwanja vimezidi kuwa vidogo tangu enzi za wakimbizi wa Rwanda walioingia mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo kona yako huenda ikawa ukingo wa uzio tu. Ukingo nao unafaa.

Iwe mbali na mlango wa nyumba na mbali na njia ya choo inayopitwa usiku, kwa sababu nyoka naye atapapenda. Upande wa chini wa shamba, ambako maji ya mvua hupita, ni bora kuliko mgongoni mwa kilima ambako Julai na Agosti hubaki vumbi na migunga. Laza gogo moja kavu, ulisahau. Hapa najua naomba jambo gumu, maana kuni za Nakivale hufuatwa mbali, na gogo lililolala bure linamuuma mpishi. Chagua lililokwisha kuoza, ambalo hata hivyo lingetoa moshi mtupu. Panga mawe machache yenye nafasi katikati, mijusi watahamia wenyewe. Kisha fukia beseni lililopasuka, liwe sawa na ardhi, utandike nailoni ndani, ujaze maji na kuweka mawe yanayochomoza juu ili nyuki wapate pa kutua wakinywa. Maji hayo yamwage na kuyabadilisha kila siku ya tatu. Yai la mbu huchukua wiki moja hivi au zaidi kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo ukimwaga mapema hakuna mbu atakayezaliwa kwako, na hakuna mhudumu wa afya atakayekulaumu.

Kutofyeka si kutotunza. Kuna mimea utakayoing'oa bila huruma. Lantana, ile yenye vichwa vya maua madogo ya rangi mchanganyiko, ambayo Waganda huita kayukiyuki, itakuvutia kwa sababu vipepeo huifuata. Usidanganyike. Misimu michache tu itakuwa imefunika kona yote, hakuna kingine kitakachoota chini yake, na ng'ombe au mbuzi akila majani yake anaugua. Badala yake acha lile gugu refu lenye vichwa vya mviringo vilivyopangana juu ya shina, na maua ya rangi ya chungwa. Wanyarwanda huliita igicumucumu na Waganda kifumufumu. Huota lenyewe kwenye mashamba yaliyopumzishwa, na hakuna kitu kinachomwita ndege chozi kama hilo. Mwanzo wa mvua chomeka pia tawi nene la mutuba. Hushika bila shida, na miaka ikipita tini zake zitaleta ndege ambao hujawahi kuwaona shambani kwako.

Halafu zungushia kona kamba, au mstari wa mawe. Kichaka kisicho na mpaka ni uvivu, chenye mpaka ni mpango: hivyo ndivyo majirani wanavyohukumu, na sioni sababu ya kugombana nao.

Jinsi ya kutazama

Siku za mwanzo hutaona kitu. Tatizo haliko kwenye kona, liko kwenye miguu yako. Keti juu ya kigoda robo saa bila kusogea na bila simu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni zamu ya ndege. Jua likipanda, saa nne hivi, vipepeo na kereng'ende huamka. Mchana kati ni wa mijusi. Jioni giza likianza kuingia popo hutoka, na ukibahatika utamsikia bundi. Wazee wa makabila mengi watakuambia bundi huleta kifo. Bundi akilia juu ya paa lako maana yake una panya wengi, na yeye amekuja kukusaidia bila malipo. Kinyonga naye anaogopwa bure. Hana sumu, hang'ati kwa madhara, na kumtazama akirusha ulimi kwa nzi ni jambo ambalo mtoto hatalisahau.

Usiku una mambo yake. Shika tochi usawa wa macho yako, kando ya paji la uso, umulike majani polepole. Vinukta vya kijani kibichi vinavyong'aa ardhini kama vipande vya chupa ni macho ya buibui wawindaji. Watoto wakishajua siri hii hawataki kulala. Au tundika shuka jeupe ukutani, weka taa mbele yake, usubiri nondo. Vaa gambuti unapotembea usiku, si ndala. Na mdudu mmoja mwembamba, mweusi kwa rangi ya chungwa, wa ukubwa wa punje ya mchele hivi, ambaye watu humwita nairobi flai, usimpondee mwilini. Mpulize tu aondoke. Hadungi wala hang'ati, ila majimaji yake akipondwa hubabua ngozi siku kadhaa, na ukijipangusa nayo machoni ni balaa. Ukishamponda kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni mara moja.

Ankole ina chambo cha vipepeo ambacho sijui kama kuna mahali kinapatikana kwa urahisi kama hapa: makapi ya tonto. Waombe wapika pombe ya ndizi mkono mmoja wa makapi, uyaweke juu ya kisahani kwenye kivuli cha kona. Kuna jamii za vipepeo wakubwa, wenye mabawa magumu na mikia miwili, wasiojali maua hata kidogo. Wao hufuata matunda yaliyochacha na mavi ya wanyama. Watakuja, watakunywa, na baada ya muda watakuwa wazito kiasi cha kukuruhusu uinamie karibu.

Kama jirani yako ana zizi, omba ruhusa ukae karibu na kinyesi kibichi cha ng'ombe siku moja baada ya mvua. Usicheke. Dundu wanaoviringisha mavi hufika kwa dakika chache, kila mmoja anakata fungu lake, analifinyanga kuwa mpira, kisha anausukuma kwa miguu ya nyuma huku kichwa kikiwa chini. Anakwenda moja kwa moja bila kupinda, ili mwenzake asimnyang'anye. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha kwamba aina moja ya dundu wa usiku hushika njia kwa kutazama ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza mbingu. Baada ya kukaa zizini jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

Ua la mgomba, na mtego wake

Isingiro inaishi kwa matoke. Kila siku malori yanapakia kuelekea Mbarara na Kampala, na ni ajabu jinsi walivyo wachache, kati ya watu wanaoishi chini ya migomba, wanaoketi kulitazama ua lake. Tumba la zambarau likishaning'inia, gamba moja baada ya jingine hujikunja juu na kufunua safu ya maua membamba. Safu za kwanza ndizo zitakazokuwa chane za ndizi. Zinazofuata ni maua ya kiume, hayazai chochote, ila yamejaa maji matamu. Asubuhi na mapema chozi hufika, ndege mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima ukimtoa mdomo na mkia, mdomo umepinda, dume anametameta kijani juani. Wanafuata nyuki, nyigu, na usiku popo wanaokula matunda. Chini ya mgomba mmoja utaona viumbe wengi kuliko bustani nyingi za hoteli.

Sasa mtego. Haohao wadudu wanaokufurahisha ndio wanaobeba mnyauko wa bakteria wa migomba, ugonjwa uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 na ambao umewaacha wakulima wengi bila kitu. Bakteria huvuja kwenye makovu mabichi ya maua ya kiume, nyuki au nyigu anakanyaga, anahamia mgomba wa pili, na kazi imekwisha. Utaujua kwa tumba linalonyauka, ndizi zinazoiva kabla ya wakati na kwa kupishana, na ndani yake zimegeuka kahawia. Ukikata shina, linatoa utando wa manjano.

Dawa ya kunyunyizia haipo. Kilichopo ni kijiti chenye panda. Chane ya mwisho ikishajitokeza, ingiza panda kwenye kikonyo cha tumba, zungusha, livunje. Usitumie panga, kwa sababu panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Na kama huna budi kutumia panga mahali popote shambani, lipitishe kwanza kwenye moto au kwenye maji ya jiki.

Maana yake una muda mfupi tu wa kulifurahia ua: tangu tumba linapoinama hadi chane ya mwisho. Keti hapo siku hizo, kila asubuhi ukiweza. Baadaye livunje bila kusitasita. Wapo watakaokuambia mpenda maumbile haliui ua. Hao hawalimi matoke. Chozi atapata igicumucumu kwenye kona, na mshubiri ukiupanda. Wewe huna ndizi nyingine.

Kumbikumbi, senene, nyuki

Mvua za huku zina vipindi viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na kila kipindi kina wadudu wake wa kuliwa. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi, kichuguu kitakupa ishara: mchwa wafanyakazi hutoboa matundu mapya na kusimama mlangoni. Kumbikumbi wako karibu. Wengine hutoka jioni, wengine asubuhi baada ya mvua ya usiku, kutegemea aina. Njia ya zamani ni kufunika kichuguu kwa majani ya mgomba au blanketi, ukaacha tundu moja linaloelekea kwenye shimo lenye chungu. Kuna wanaogonga vijiti ili mchwa wadhani mvua inanyesha. Ya siku hizi ni taa juu ya karai la maji. Wakaange bila mafuta, upepete mabawa, utie chumvi. Uliza kwanza kichuguu ni cha nani, maana vingi vina wenyewe hata kama viko porini. Na usikichimbue kumtafuta malkia. Kichuguu kilichoachwa hutoa tena mwaka ujao.

Senene ndio sherehe ya Novemba, na wachache hurudi Aprili na Mei. Mhaya wa Bukoba na Mganda wa Masaka wanaweza kubishana hadi asubuhi nani anawapika vizuri. Masaka wameifanya biashara ya taa kali, mabati yaliyosimamishwa na mapipa chini yake. Mtu wa shamba dogo hahitaji mabati. Amka alfajiri, pita kwenye nyasi zenye umande kabla hawajapata joto la kuruka, uokote. Ng'oa mabawa na miguu, wakaange kwa mafuta yao wenyewe. Ukipita kwenye taa za wavuvi wa senene usizitazame moja kwa moja, zinaumiza macho.

Mkongomani aliyezoea viwavi vya kwao asidhani kila kiwavi cha Isingiro ni chakula. Chenye manyoya kiache.

Nyuki wa huku ni wakali, na hilo halibadiliki kwa upendo. Mzinga uwe mbali na nyumba, na mbali zaidi na mbuzi aliyefungwa kamba, kwa sababu yeye hawezi kukimbia. Wakikuvamia funika uso, kimbia, ingia ndani. Usijirushe chini wala usiwapige. Mwiba uondoe kwa kuukwangua mara moja kwa ukucha, kila sekunde unazidi kusukuma sumu. Wako pia nyuki wadogo sana wasiodunga, wanaoishi kwenye nyufa za ukuta wa udongo au shina lenye tundu, na mlango wao ni kijibomba cha nta. Hao waache ukutani. Asali yao ni kidogo na chachu, na kuwatazama hakuna hatari yoyote hata kwa mtoto wa miaka mitatu. Maharage, maboga na kahawa yako huwategemea nyuki kwa kiasi tofauti. Migomba ya matoke ndiyo isiyowahitaji kabisa.

Majani ya kula, na ya kuacha

Kona isiyofyekwa ni bustani ya mboga ambayo hukuipanda. Mchicha pori, ambao Waganda huuita dodo na Wakongomani lengalenga, utaota wa kwanza. Mgagani, isogi kwa Wanyarwanda, hupenda mahali palipotupwa majivu na samadi. Uchungu wake hupungua ukiuchemsha vizuri, ukamwaga maji na kuuunga kwa maziwa au karanga. Mnavu chuma majani machanga, uyapike. Matunda yake mabichi ya kijani yana sumu. Ntuntunu, lile tunda la manjano ndani ya taa yake ya karatasi, liwe la watoto, lakini lililoiva tu. Kishona nguo kitashikilia suruali yako, nacho huliwa pia majani yake yakiwa laini, ingawa mimi sikipendi.

Usichume karibu na choo, kando ya barabara yenye vumbi la malori, wala pembeni mwa shamba lililopulizwa dawa ya magugu. Sheria ya pili: kula mmea ulioonyeshwa na mtu mzima aliyewahi kuula, si ulioonyeshwa na simu. Programu kama iNaturalist ni nzuri kwa kutambua kipepeo au ua kwa picha, na nakushauri uijaribu ukiwa na bando. Kwa chungu cha familia haitoshi.

Mmoja ujue kwa sura kabla ya mingine yote: datura, mmea wenye ua refu la tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lenye miiba lililojaa mbegu ndogo. Huota jalalani na pembeni mwa mashamba ya mahindi na soya. Mwaka 2019 huko Karamoja unga wa msaada uliochafuliwa na sumu ya mimea ya jamii hiyo uliwaua watu watano na kuwalaza mamia. Ung'oe mwenyewe kwa mikono iliyovaa nailoni, kabla tunda halijapasuka. Mbarika nao, wenye mbegu za madoadoa zinazovutia watoto kama shanga, usiuache karibu na nyumba. Na anayekata uzio wa mnyaa ajikinge macho. Utomvu wake mweupe unaweza kumpofusha.

Ukitoka nje ya shamba

Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar: hekta 26,834 za maji na mafunjo. Humo bado kuna ngege wa asili ambao Ziwa Viktoria limewapoteza. Nenda asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na mvuvi au mwenyeji anayejua pwani. Utaona mnandi wakianika mabawa, furukombe juu ya mti mkavu, na pengine yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayesimama kwenye mafunjo bila kutikisika. Jioni usiwepo. Kiboko hutoka majini giza likiingia kwenda kula nyasi, na mtu anayesimama kati yake na maji hupata taabu. Chukulia kwamba mamba yupo hata usipomwona, na usioge ziwani, kwa sababu ya kichocho.

Korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda, hahitaji safari. Hushuka kwenye mabonde yenye majimaji, akipiga miguu chini ili wadudu waruke awale, na wakati wa kutafuta mwenzi hucheza mchana kweupe. Tangu mwaka 2012 anahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini duniani. Wakulima humchukia kwa kufukua mahindi yaliyopandwa, na wapo wanaomtegea sumu. Mbegu zikishachipua na kushika hana tena haja nazo. Linda shamba siku hizo chache, mtoto mmoja na debe la kugonga anatosha.

Kuhusu Mburo, uwe na adabu unapoisifu mbele ya wenyeji. Ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983 watu waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani yake walifukuzwa. Utawala ulipobadilika wengi walirudi, na mwaka 1987 sehemu kubwa ya ardhi ilitolewa nje ya mipaka. Mzee akikuuliza kwa nini unapenda wanyama kuliko watu, anakumbuka hayo. Swala pala akiingia shambani kwako usimfukuze kwa mbwa wala usimtegee mtego. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu nzito, na haibagui mkimbizi na mwenyeji.

Wanaoishi nasi

Sheria hiyohiyo inakukataza kufuga tumbili, kasuku au kobe wa porini bila kibali. Hata isingekuwepo ningekushauri vivyo hivyo. Tumbili mdogo anachekesha. Akikomaa anang'ata watoto.

Sungura ndio wanaofaa zaidi kiwanja kidogo cha Nakivale. Hawapigi kelele, wanakula magugu ya kona yako, samadi yao ni nzuri, na mtoto anaweza kuwahudumia peke yake. Adui wao ni siafu. Msafara wa siafu ukiingia usiku kwenye banda lililofungwa, asubuhi utakuta mifupa. Inua banda juu ya miguu, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na matone ya mafuta, uyaongeze kila wiki. Ukisikia kuku au sungura wakihangaika usiku, wafungulie kwanza, tafuta sababu baadaye.

Paka mmoja ananifaa, watatu wanamaliza kona. Mlishe asubuhi kabla hajatoka, ataua ndege wachache zaidi na panya haohao. Katika mitaa yenye Wasomali na Waislamu wengine usimwachie mbwa wako alambe vyombo au nguo za wenyeji wako, na mfunge siku wanapopita kwenda kuswali. Mbwa na nguruwe pia hubeba funza, yule mdudu aliyevuka bahari kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872 na kutapakaa bara zima. Mbwa akijilamba makucha kila wakati mkague, nyunyiza maji uani vumbi lisikae, uwavishe watoto viatu.

Nyoka akimuuma mtu au mnyama, usichanje, usifunge kamba, usiweke jiwe jeusi. Kiungo kisitikiswe, mtu abebwe, aende kituo cha afya cha Rwekubo au hospitali ya rufaa ya Mbarara haraka iwezekanavyo. Kifutu, anayelala njiani na haondoki hata akisikia hatua, ndiye sababu ya gambuti na tochi nilizozitaja.

Kichaa cha mbwa kina uzito zaidi kuliko vyote hivi, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, na paka pia. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende akachomwe chanjo siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima na hata kama ni wa nyumbani. Muulize afisa mifugo wa eneo lako siku ya chanjo ni lini kabla hujamleta mtoto wa mbwa nyumbani.